Mafundi wa "kazi ndogo hiyo mkuu" mnaua gia zetu: kipoza oili kimefungwa kwa mpira wa hita!

Wakuu, leo sikuja kuomba ushauri. Nimekuja kulalamika, na kama mwenye gereji yumo humu asome mpaka mwisho kisha ajibu hapa hapa mbele za watu, maana kwenye simu jibu lake ni kukata.

Pikapu yangu ni otomatiki na kazi yake kubwa ni kuvuta trela. Anayezijua gia za otomatiki anajua joto lake linatoka wapi. Ukiwa na mzigo nyuma, unapanda mlima kwa mwendo wa pole, torki konveta (kile kiungo cha oili kati ya injini na gia) haijajifunga, basi nguvu inapita kwenye oili tupu na ile isiyofika kwenye magurudumu inageuka joto. Gia yenye afya inatembea na oili ya nyuzi 80 mpaka 95 hivi. Mlima mmoja mrefu na trela zito unaipeleka 110, 120, na dashibodi imenyamaza kimya kama hakuna kinachotokea. Hapo oili inaanza kuungua na kuacha utando kwenye vali. Ikikaribia 130 sili za mpira zinakakamaa. Ikifika 145 na kwenda mbele, klachi zenyewe zinateleza na kuungua, na hapo ushaanza kutafuta gia nyingine.

Ndiyo maana nikaamua kufunga kipoza oili cha ziada. Si urembo. Nilinunua kizuri, kile cha sahani zilizopangwa, si kile cha bomba moja linalozungukazunguka kwenye mapezi (vile vibati vyembamba vya kutolea joto), nikakipeleka gereji pamoja na gari. Jibu: "Kazi ndogo hiyo mkuu, acha gari, pitia jioni."

Na kweli ni kazi ndogo! Hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Unakata njia moja ya oili, unaweka kipoza mbele ya rejeta, unaunga mipira miwili, unaongeza oili, unakagua kiwango. Basi. Hakuna kushusha gia, hakuna kompyuta, hakuna spana ya ajabu. Kazi ya namna hii ukiiharibu ni kwa sababu hukujali, si kwa sababu ni ngumu.

Kilichotokea: niko katikati ya mwinuko, trela nyuma, injini ikapanda ghafla inanguruma na gari halisogei. Nikatazama kioo, moshi. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye bomba na oili ya gia imemwagika barabarani, nyingine juu ya eksozi. Wakuu, pampu ya gia inasukuma lita kadhaa kila dakika kupitia kwenye kipoza. Mpira ukichomoka huna muda wa kufikiri, unazima injini pale pale au umeaga gia. Na oili ya gia ikidondokea eksozi iliyopata moto inaweza kuwaka. Mimi iliishia moshi. Kuna wenzetu magari yao yameishia majivu kwa sababu ya mpira mmoja.

Nikapiga simu. Unajua nimeambiwa nini? "Gari lako limechoka, presha ya gia imezidi." Presha ya gia imezidi! Njia ya kwenda kwenye kipoza ni njia ya presha ndogo, si ile inayobana klachi. Mpira sahihi uliofungwa sawasawa unakaa pale miaka. Usinidanganye kwa maneno ya kitaalamu ukidhani sielewi.

Nikaamua kufungua na kukagua mwenyewe, tochi mkononi, kila kiungo nikikipiga picha. Sasa nisikilizeni.

Mwisho wa bomba la chuma ulikatwa kwa msumeno. Sibahatishi, michirizi ya meno inaonekana, na ukingo una ncha zinazokwaruza kidole. Hakuna aliyepitisha hata tupa. Kuna kifaa kidogo cha kukatia mabomba, unakizungusha tu, kinakata safi bila chenga, kinaingia mfukoni. Ukitumia msumeno, chenga za chuma zinaingia ndani ya bomba, na oili inayopita humo inarudi kwenye gia yenye vali zinazocheza kwenye matundu yenye nafasi nyembamba kuliko unywele. Fikiria umeilisha chuma kilichosagwa halafu unasema gari limechoka.

Mwisho wa bomba ni laini, mtupu, umenyooka. Bomba la oili linalovalishwa mpira lazima litengenezwe uvimbe mdogo mwishoni, ule mviringo unaozuia mpira usiteleze kutoka. Bomba la kiwandani halina huo uvimbe pale katikati ulipokata kwa sababu halikukusudiwa kuvalishwa mpira. Ukilikata, uvimbe unautengeneza wewe, kwa kifaa cha kutanulia mabomba. Dakika chache. Hapa hakuna aliyefanya hivyo, na klipu imebanwa nusu juu ya bomba nusu hewani, mpira wenyewe umeingia kama upana wa kidole kimoja.

Twende kwenye mpira sasa. Hapa ndipo damu ilipochemka. Nikaufuta kwa kitambaa nisome maandishi ya ubavuni: mpira wa hita. WA MAJI. Mpira wa maji ukinyweshwa oili ya moto unavimba, unalainika, kisha klipu inauma hewa. Ule niliouchomoa ukiubonyeza kwa vidole unabonyea kama andazi, na ndani umeanza kumenyeka vipande vyeusi. Hivyo vipande vimeenda wapi? Kwenye filta ya gia, wapi tena. Mpira wa kupoza oili ya gia una maandishi yake, tafuta SAE J1532 ubavuni. Na wale wa kusema "mimi naweka mpira wa petroli na haujanisumbua", nanyi subirini zamu yenu. Mpira wa petroli ulitengenezwa kupitisha petroli, si oili ya nyuzi mia na zaidi safari nzima.

Kipoza chenyewe wamekifunga kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta na kukazwa kwa kibonye. Najua vinakuja ndani ya boksi, na hapa watengenezaji wa hivyo vifaa nao wapate fungu lao la lawama. Mnauza kitu cha kulinda gia halafu mnaweka ndani njia ya kutoboa rejeta. Gari linatikisika, kijiti kinasugua, kinasugua, siku moja kimefika kwenye mrija wa maji. Kwenye rejeta yangu tayari kuna mstari unaong'aa kwenye mrija mmoja, aluminiamu imeliwa mpaka imekuwa nyeupe. Kondensa ya AC iko mbele zaidi, nayo imetobolewa mapezi vijiti vipite. Vipande viwili vya bati na boliti nne kwenye fremu ya mbele, na nafasi ya nusu sentimita au zaidi ili hewa ipite na kisigusane na kitu, kazi imekwisha. Mpaka leo sielewi kwa nini hilo ni gumu.

Ngojeni, bado. Njia waliyokata ni ile ya KUTOKA kwenye gia. Yaani oili inatoka kwenye gia ikiwa moto, inapita kwenye kipoza changu kipya, inapoa vizuri kabisa, kisha inaingia kwenye kipoza cha kiwandani kilicho ndani ya tangi la rejeta, ambako maji ya injini yana nyuzi 90 hivi, inapashwa tena na kurudi kwenye gia. Nimenunua kifaa cha kupoza oili ili rejeta iipashe upya! Mpangilio wa kawaida ni gia, rejeta, kipoza cha ziada, kisha gia. Cha ziada kinakaa kwenye njia ya KURUDI, kiwe cha mwisho kuigusa oili. Kujua njia ipi inarudi hakuhitaji shahada: chomoa kiungo kimoja, elekeza pande zote mbili kwenye chupa mbili, mtu awashe injini sekunde chache azime, uone oili inatokea wapi. Hawakufanya. Walikata ile iliyokuwa karibu na mkono.

Wapo watakaosema rejeta ningeiruka kabisa. Mjadala huo naujua. Kwenye baridi kali rejeta inasaidia kupasha oili ifike joto la kazi, kwa hiyo kuiondoa si uamuzi wa kukurupuka. Lakini pia naijua ile kesi ya Nissan Frontier, Pathfinder na Xterra za kuanzia 2005 mpaka 2010, ambazo kipoza cha ndani ya rejeta kilipasuka, maji ya injini yakachanganyika na oili ya gia, ikatoka rangi ya maziwa yenye stroberi, gia ikafa kwa sababu maji yanabandua ile gundi inayoshika kitambaa cha klachi. Wenye hizo wengi waliruka rejeta wakaweka kipoza kikubwa cha nje, na sababu wanayo. Huo ni uamuzi wa mwenye gari baada ya kuelezwa. Mimi sikuelezwa chochote.

Tumalizie na oili. Gia yangu haina kijiti cha kupimia, kama nyingi za siku hizi. Kiwango kinakaguliwa injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa usawa, oili ikiwa kwenye joto alilotaja mtengenezaji, unafungua nati ya ukaguzi, ikichuruzika kidogo ndiyo kiwango. Ukikagua oili ikiwa baridi mno utajaza kupita kiasi, ukikagua ikiwa moto mno utabaki pungufu. Nikauliza waliongeza kiasi gani. "Tuliweka ya kutosha." Oili gani? "Ile nyekundu." Nyekundu! Toyota WS ni nyekundu, Dexron VI ni nyekundu, Mercon LV ni nyekundu, na kufanana rangi hakuzifanyi zibadilishane. Nati ya ukaguzi nimeiangalia, ina vumbi na kutu ile ile ya zamani, haijaguswa na spana.

Sasa nimeshusha sampu, lile bakuli la oili chini ya gia. Sumaku zina unga mwembamba wa kijivu, huo ni wa kawaida, lakini kuna na chembe zinazometa unaziona kwa macho, na vipande vya mpira mweusi vimenaswa kwenye filta. Oili iliyobaki imeanza kuwa ya kahawia na ina harufu ya kuungua. Klachi bado zinashika, nimejaribu bila trela, gia inaingia bila kuchelewa. Kama itadumu sijui, na aliyenisababishia hajali.

Ninachodai si kikubwa. Nataka mipira miwili sahihi, filta na oili ya namba ya gari langu, rejeta yenye mrija usioliwa, bomba jipya la chuma kwa sababu hili limekatwa likafupishwa, na kipoza kipya, kwa kuwa hiki cha sahani kikishaingiwa na chenga hakisafishiki ukakiamini. Kazi ya kufunga sitaki waifanye wao. Nitaifanya mwenyewe, na safari hii kipimo cha joto kitakaa kwenye njia ya kutoka gia, si ya kurudi, kwa sababu cha kwenye njia ya kurudi kinakuonyesha nyuzi 75 za kukufurahisha wakati konveta inatokota.

Majibu yao ya mwisho ni kwamba "hatukutoa garanti ya gia". Mkuu, sijaomba garanti ya gia. Naomba uniambie nani kwenye gereji yako alishika mpira ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa hita, akausoma au hakuusoma, akauvika kwenye bomba la oili ya gia ya gari linalovuta trela. Picha zote zipo hapo chini, ya maandishi ya mpira ni ya tatu. Jibu hapa, nasubiri.