Naombeni ushauri, karantini ya Uingereza inanichanganya kichwa

Habari zenu wakuu. Tangu tarehe 9 Aprili mwaka huu wa 2021 Kenya iko kwenye listi nyekundu ya corona ya Uingereza, yaani ukitoka huku lazima ukae karantini hotelini, mi nina kibali cha kuishi kule so kuingia naruhusiwa, shida ni hiyo hoteli ya siku 10, pauni 1,750 na mtoto wa miaka 6 anaongeza 325, alafu kupimwa corona siku ya 2 na ya 8. Pesa naeza kopa, lakini huyu mtoto hatulii, saa hizi anapiga mpira ukutani, chumba kimoja siku zote hizo ataweza kweli? Naskia ukikaa kwanza siku 10 nchi isiyo kwenye hiyo listi nyekundu unajitenga nyumbani tu. Kuna aliyefanya hivyo? Mlipitia wapi, na PCR (kile kipimo cha corona) mlipimia huko?