Barabara inachimbwa mlangoni kwangu hapa Mwanza, nifunge mgahawa?

MamaSato: Mwadila wakuu. Nina mgahawa mdogo wa ugali na sato pembeni ya barabara, eneo sitaji maana mkandarasi naye huenda anapita humu. Kituo cha daladala kilikuwa mlangoni kwangu. Walipoanza kuchimba wakakisogeza mbele, mimi nikaachiwa mtaro na rundo la kifusi. Mtu aliyevaa viatu vya ofisini ataruka vipi? Vumbi ndiyo usiseme, samaki hajatoka kwenye karai ameshageuka mwekundu. Nilikuwa napika sato 30 kwa siku, sasa 10 na wanabaki. Kodi nimeshalipa ya miezi sita. Nishaurini.

Igoma_Yetu: Funga dada, kauze dagaa Mwaloni.

KokaMbagala: Wewe Igoma unadhani meza Mwaloni zinagawiwa bure? Dada usifunge. Nilikuwa na kibanda cha chakula Barabara ya Kilwa, Dar, wakati wanajenga njia ya mwendokasi. Mteja akishazoea kula kwingine, lami ikikamilika harudi ng'o. Walionibeba ni haohao wachimbaji. Mafundi, madereva wa magreda, walinzi wa usiku, wote wanakula, na hawana muda wa kwenda mbali. Nenda kambini kaongee na msimamizi. Pika dagaa na maharage kwa bei ya kibarua, sato mwachie injinia.

Ila pesa mkononi! Mimi nilikopesha. Waliopewa kazi ya mitaro wakamaliza, wakahama usiku, asubuhi nikabaki na daftari lenye "Juma Koleo" na "Mrefu". Huyo Mrefu nimtafute wapi?

MzeeBaraza: Umewekewa alama ya X ukutani, ile ya bomoabomoa? Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. X ya kijani ina fidia, nyekundu umevamia hifadhi. Kama jengo halijaguswa na kilichopungua ni wateja tu, fidia usiiweke kwenye hesabu. Dai vinavyowezekana: kivuko cha mbao juu ya mtaro, na boza la maji lipite kabla ya saa sita. Andika barua, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa igongwe muhuri, nakala ubaki nayo. Maneno ya mdomo yanaishia kwenye kifusi. TRA nako, kama unalipa kodi ya mapato kwa makadirio, peleka marekebisho kabla ya awamu ijayo.

MamaSato: Asante baba, asante Mbagala. X sina. Barua imepokelewa, boza bado sijaliona. Kivuko nimeamua kununua mbao mwenyewe. Leo nimepeleka sahani 23 kambini, zimeisha zote. Mmoja kaniambia, "Mama, andika, Ijumaa." Nimemwambia kalamu imeisha wino.