Naomba ushauri: bondia kijana wa uzito wa juu ajifunze kwa mabingwa wa enzi ipi?

KochaWaMchangani:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana ngumi huku Mbagala baada ya kazi. Nina kijana mmoja wa miaka 19, ana kilo 93 na urefu wa sentimita 184, mkono wake ni wa kulia. Kwa uzito wa juu wa siku hizi huyo ni mfupi. Ana bidii kuliko wote niliowahi kuwafundisha, sitaki nimharibu.

Shida imeanzia kwenye video. Mzee ninayefundisha naye anamwonyesha Muhammad Ali wa miaka ya 60 tu, anasema baada ya pale hakuna ngumi. Mimi namwonyesha hawa wa sasa, Tyson Fury na Anthony Joshua. Kijana amechanganyikiwa. Wiki iliyopita tulimpambanisha na mwenzake ambaye ni mashoto (anatanguliza mkono na mguu wa kulia), akashusha mikono kiunoni na kurudisha kichwa nyuma kama Ali. Ikaingia ngumi ya kushoto, akakaa chini. Aliinuka, lakini usiku ule sikulala. Naombeni mnisaidie: ufundi wa mabingwa gani unamfaa mtu wa umbo lake?

FundiPedi:
Pole mkuu, na mpe pole kijana. Kwanza asipigwe kichwani kwa muda, hilo halina mjadala.

Ali wa 1966 mwache kabisa. Alikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma moja kwa moja, kitu ambacho makocha wote wanakikataza, na alinusurika kwa sababu miguu ilikuwa imeshamtoa kabla ngumi haijafika. Akakaa nje zaidi ya miaka mitatu kwa kukataa jeshi. Aliporudi 1970 miguu haikuwa ile. Tarehe 8 Machi 1971 Joe Frazier, mfupi kuliko yeye, alimfuata raundi zote 15, na katika ile ya mwisho akamwangusha kwa ngumi yake ya kushoto ya kuzungusha. Hata Ali mwenyewe alishindwa kuwa yule wa 1966, sembuse kijana wako.

Mpe Joe Louis. Alikuwa bingwa tangu 1937 hadi 1949, akatetea mkanda mara 25, na alikuwa na kilo 90 hivi. Hatua fupi, ngumi fupi. Ila mwanzishie na pambano alilopoteza. Mwaka 1936 Max Schmeling wa Ujerumani aligundua kwamba Louis akitupa jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele), mkono wa kushoto unarudi ukiwa chini. Akawa anausubiri pale pale na ngumi yake ya kulia, akammaliza raundi ya 12. Walirudiana 1938, Louis akamaliza kazi ndani ya raundi ya kwanza. Kijana akiliona kosa lile likiadhibiwa, ataelewa kwa nini kila siku unampigia kelele arudishe mkono juu.

MzeeWaRedio:
Kocha mwanangu, mimi ni rika la huyo mzee mwenzako. Usimbishie mbele ya kijana. Habari za Ali na George Foreman kule Kinshasa 1974 tulizipata redioni, na furaha ile haijanitoka mpaka leo, kwa hiyo namwelewa.

Wa zamani walipigana mara nyingi. Louis mwaka 1941 peke yake alitetea mkanda mara 7! Ujanja wa ulingoni hupatikana ulingoni. Lakini nami niseme ukweli: mwaka huo huo Billy Conn, aliyetoka uzito wa chini, alikuwa anaongoza kwa majaji wawili kati ya watatu hadi raundi ya 12, akaangushwa ya 13. Kwa raundi 12 za leo mkanda ungeondoka. Ndiyo maana ugomvi wa nani angempiga nani nimeuacha.

Kambaya4:
Mike Tyson je? Ana sentimita 178 tu na aliwaangusha warefu.

DadaGlavu:
Mzee, shikamoo.
Kambaya4, Tyson yule anataka kichwa kicheze kila hatua. Alipoachana na kocha wake Kevin Rooney mwaka 1988 kichwa kikaanza kusimama, na Tokyo 1990 Buster Douglas akamshindilia jebu, kisha akamwangusha raundi ya 10. Kwa anayejifunza ni mapema mno.

Kocha, Louis kwa mikono nakubali. Kwa umbo, mtafutie Evander Holyfield, aliyepanda uzito wa juu kutoka uzito wa chini yake. Mapambano yake mawili ya kwanza na Riddick Bowe, mwenye sentimita 196, ni darasa tosha. Mwaka 1992 Holyfield alisimama wakachapana, akapoteza kwa pointi. Mwaka 1993 (lile ambalo mtu aliangukia kamba za ulingo na parachuti) aliingia, akapiga, akatoka pembeni, akashinda. Mtu yule yule, mpinzani yule yule! Oleksandr Usyk wa Ukraine naye alimshinda Fury mwaka 2024 akiwa amezidiwa sentimita 15, ila ni mashoto, kwa hiyo aangalie miguu tu.

KochaWaMchangani:
Nashukuru sana, hasa mzee. Kupambana nimesimamisha. Jumamosi tutakaa watatu, mimi, kijana na mzee wangu, tuangalie Louis na Schmeling yote mawili, halafu Holyfield na Bowe. Nitamwomba mzee ndiye aeleze lile la 1936.
Dada, swali moja: mwenzake wa pekee wa uzito ule ndiyo huyo mashoto. Akishapiga atokee upande gani?

DadaGlavu:
Kushoto kwake. Mguu wake wa mbele uwe nje ya mguu wa mbele wa mashoto, hapo anaukimbia ule mkono uliomkalisha. Mchoree mstari wa chaki sakafuni, afanye polepole bila glavu kwanza.

KochaWaMchangani:
Chaki ninayo.