Mjadala: Gécamines irudi kuchimba yenyewe, au ibaki kungoja gawio?

Ndugu zangu, kila Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu ya Kongo (DRC), inapotajwa hoja huwa ile ile: shaba ya Katanga, kusini mwa nchi, waachiwe wenye mitaji, serikali ikusanye mrabaha na gawio (sehemu yake ya faida), kwa sababu ilishapewa kampuni ikaiua. Mimi napinga.

Kampuni iliyoitangulia Gécamines, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa 1906 kwa mitaji ya Wabelgiji na Waingereza, na kufikia 1911 shaba ilikuwa ikiyeyushwa Lubumbashi. Sisi tuliokulia mji ule tunalijua lile bomba refu la moshi, na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri kando yake. Mfanyakazi alipata nyumba kambini, poso ya unga, hospitali, shule ya watoto. Wazee walisema kampuni njo (ndiyo) baba, njo mama. Lakini Desemba 1941, walipogoma kudai mshahara, askari wa kikoloni waliwamiminia risasi uwanjani, papo hapo mjini.

Rais Mobutu akaitaifisha kuanzia Januari 1967, ndipo ikazaliwa Gécamines. Wanaosema Mkongo hawezi kuendesha mgodi huruka kilichofuata: mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, kiasi ambacho Wabelgiji hawakuwahi kukifikia. Kilichoiua ni kukamuliwa. Fedha za mauzo zilikwenda Kinshasa, mitambo ikakosa vipuri, na Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ukabomoka.

Kisha 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, wakafukuzwa Katanga, na pamoja nao wakaondoka mafundi na wahandisi wengi waliomalizia ujana wao kwenye mashimo yale. Tunazungumza sana juu ya fedha zilizoibwa, hili tunalipita kimya, na kwangu ndilo pigo kubwa zaidi. Pampu ikifa unaagiza nyingine. Mtu anayejua mwamba wa Kamoto ulivyokaa, humwagizi popote.

Mwaka 2003 uzalishaji haukufika tani 20,000. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na migodi mizuri ikaishia mikononi mwa wabia, yaani kampuni binafsi zinazochimba huku Gécamines ikibaki na hisa chache.

Sasa tuangalie faida ya kukaa pembeni. Katika mgodi wa Tenke Fungurume, Gécamines ina hisa asilimia 20, na mbia mkuu ni kampuni ya CMOC ya China. Ugomvi ulizuka kati yao juu ya hazina ya madini iliyotangazwa pale, shaba na kobalti zikazuiwa kwa miezi kutoka nje, hadi 2023 CMOC ikakubali kulipa dola milioni 800. Mbia asiye na wapimaji wake wala maabara yake atajuaje kama hesabu aliyosomewa ni ya kweli?

Hofu ya wenzangu naielewa: mgodi wa serikali hugeuzwa mfuko wa wanasiasa, na tumeyaona. Basi ianze na mgodi mmoja tu, kwa fedha za gawio hilo hilo, hesabu zichapishwe kila robo mwaka, na vijana wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waajiriwe humo.

Mnaotaka ibaki mbia tu, nijibuni hili: nchi yetu sasa inatoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka. Leseni za wabia zikifika mwisho, tutamkabidhi nani migodi hiyo, na huyo atakuwa amejifunzia wapi kazi?