Mjadala: Nyota wa tenisi aliyeporomoka, apewe kadi ya mwaliko au akapande ngazi upya?

Mleta mada
Wakuu, tuliweke hili mezani. Droo kuu ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australian Open, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon na US Open) ina wachezaji 128 kwa wanaume na 128 kwa wanawake. Kila upande 104 wanaingia moja kwa moja kwa viwango vyao, 16 wanapenya kwenye mchujo wa mechi tatu, na nafasi 8 zinabaki mikononi mwa waandaaji. Hizo 8 ndizo kadi za mwaliko. Nyingi huenda kwa chipukizi wa nchi mwenyeji, na mashirikisho ya Australia, Ufaransa na Marekani hupeana moja moja. Lakini mara nyingi ipo inayotengwa kwa bingwa wa zamani aliyeshuka: jeraha, uzazi, kufungiwa, au mchezo wenyewe umemkimbia.

Msimamo wangu: asipewe. Andre Agassi alikuwa namba moja mwaka 1995, akadondoka hadi nafasi ya 141 Novemba 1997. Alishuka kucheza Challenger, ngazi iliyo chini ya mashindano makuu ya ATP, chama cha tenisi ya wanaume. Las Vegas akapoteza fainali, Burbank akachukua taji. Mwisho wa 1998 alikuwa wa 6, na 1999 akatwaa Roland Garros na kurudi kileleni. Njia ipo na imeshapitwa. Kwa nini wengine wabebwe?

Taibreki
Mkuu, Agassi alikuwa na miaka 27 tu alipofika hapo chini. Muda wa kupanda upya alikuwa nao. Wengi wanaorudi hawana.

Tuanze na jinsi mtu anavyoshuka. Pointi zinazopanga viwango hukaa wiki 52, kisha zinatoka, na nafasi yake inachukuliwa na ulichovuna safari hii kwenye shindano lile lile. Emma Raducanu alitwaa US Open 2021 akitokea kwenye mchujo, akiwa wa 150 duniani, bila kupoteza seti hata moja. Mwaka uliofuata akatolewa raundi ya kwanza na Alizé Cornet. Pointi zaidi ya 2,000 zikaondoka kwa mkupuo na akateremka kutoka nafasi ya 11 hadi ya 83. Hakuwa amekaa nje mwaka mzima, alipoteza mechi moja. Sasa fikiria aliyekaa nje miezi 14 baada ya upasuaji: kila shindano kubwa linapopita, fungu lake linafutika, mpaka anabaki na sifuri.

Kupanda ndiko kugumu. Upande wa wanaume, kukaribia nafasi ya 100 unahitaji pointi kama 600. Bingwa wa Challenger 75 anapata pointi 75. Piga hesabu: mataji manane ndani ya wiki 52. Kinyume chake, kufika raundi ya nne ya Grand Slam ni pointi 200, robo fainali 400.

Na kuna mitego ambayo watu hawaioni. Juan Martín del Potro, bingwa wa US Open 2009, alikuwa wa 1,045 Februari 2016 baada ya operesheni kadhaa za vifundo vya mikono. Agosti hiyo akaenda Olimpiki ya Rio, akamtoa Djokovic raundi ya kwanza na kurudi na medali ya fedha. Olimpiki ile haikutoa pointi hata moja! Alifika New York akiwa wa 142, akapewa kadi ya mwaliko, akacheza hadi robo fainali. Bila ile kadi, mtu mwenye medali ya Olimpiki shingoni angepangwa kwenye mchujo.

Goran Ivanišević naye: wa 125, ameshapoteza fainali tatu za Wimbledon, akapewa kadi mwaka 2001 na kutwaa kombe kwa 9-7 katika seti ya tano dhidi ya Pat Rafter. Mnasemaje kuhusu huyo?

Mstari wa Nyuma
Nyote mnahesabu pointi, mwili mmeuacha nje ya uwanja. Mimi naupinga mwaliko wa Grand Slam kwa anayetoka majeruhi, hasa kwa wanaume, na sababu yangu si haki bali ni afya yake.

Kurudi baada ya upasuaji wa kifundo cha mkono kuna mpangilio. Bekihendi ya slaisi, ile ya kuukata mpira kwa mkono mmoja, inatangulia, ya mikono miwili yenye mzunguko inafuata baadaye sana, kwa sababu mkono ule wa pili ndio unaobeba mtikisiko mpira ukigusa raketi. Nyuzi za raketi zinabadilishwa: ngumu za poliesta zinaachwa kwa muda, zinawekwa laini, na mkazo unapunguzwa kilo moja au mbili. Servu, yaani mapigo ya kuanzisha mchezo, zinahesabiwa. Kocha makini huanza na 30 hivi kwa nusu ya nguvu, siku moja kupiga na siku moja kupumzika, na haongezi idadi na kasi kwa wakati mmoja. Baadaye ndipo zinakuja seti za mazoezi, tena dhidi ya mpinzani anayerudisha kwa nguvu, kwa sababu mpira unaotoka kwenye mashine ya mazoezi haukulazimishi kuchelewa wala kukimbia ukiwa umepoteza mizani.

Hata hayo yote yakikamilika bado kuna kitu mazoezini hakipatikani: mechi baada ya mechi. Challenger yenye droo ya wachezaji 32 ni mechi tano kwa bingwa, za seti tatu, karibu kila siku. Ukipoteza mapema unasafiri, wiki ijayo unaanza tena. Grand Slam inakupa siku ya kupumzika kati ya mechi, lakini kwa wanaume ni seti tano. Mtu ambaye hajacheza zaidi ya saa mbili kwa mwaka mzima anajikuta kwenye saa ya nne. Miguu ikichoka haisukumi tena wakati wa servu, kazi inahamia begani na kwenye misuli ya tumbo. Hapo ndipo misuli ya tumbo inapochanika, na servu ndiyo pigo ambalo huwezi kulikwepa. Kwenye uwanja wa udongo ni misuli ya ndani ya paja, kwa sababu kuteleza ukiwa umechoka ni kufungua miguu bila breki. Halafu tunasema jeraha la zamani limerudi, kumbe hili ni jipya lililozaliwa na haraka.

Andy Murray alijua hili. Januari 2019 aliwekewa chuma kwenye nyonga. Agosti akacheza Challenger kwenye akademi ya Nadal, Oktoba akatwaa taji la Antwerp kwa kumfunga Wawrinka. Kwa hiyo kadi ya mwaliko naikubali, lakini kwa mashindano ya ATP 250, daraja la chini la mashindano makuu ya ATP, na Challenger.

Mshika Kanuni
Kabla hatujafika mbali, mmesahau kwamba majeruhi tayari wana ulinzi wao, na hauhusiani na hisani ya mwandaaji yeyote. Kwa ATP, ukikaa nje miezi 6 au zaidi unaomba kiwango kilicholindwa. Wanachukua wastani wa nafasi yako katika miezi mitatu ya mwanzo ya kutokuwapo kwako, na namba hiyo unaitumia kujiandikisha kwa mashindano 9 au miezi 9, chochote kinachotangulia. Ukikaa nje miezi 12 na kuendelea, inakuwa mashindano 12 au miezi 12.

Inakoharibika ni hapa. Wapo wanaocheza na maumivu miezi mitano sita kabla ya kukubali kulala kitandani kwa daktari. Wanapoteza raundi za kwanza mfululizo na pointi zinapukutika. Wanaposimama, wastani unapigwa juu ya nafasi waliyokwisha kuporomokea. Aliyekuwa wa 15 analindwa kwa namba 60. Aliyesimama mara tu maumivu yalipoanza analindwa kwa 15. Yaani kanuni inamwadhibu anayejikaza, na makocha wengi hawamwelezi mchezaji wao mpaka imeshakuwa.

Pili, kiwango hicho kinakuingiza kwenye droo tu, hakikupangi miongoni mwa walioorodheshwa kwa ubora, wale ambao droo huwatenganisha wasikutane mapema. Roland Garros 2024, Rafael Nadal, bingwa mara 14 pale, aliingia kwa kiwango kilicholindwa cha 9. Droo ikampa Alexander Zverev, aliyeorodheshwa wa 4, raundi ya kwanza. Akatolewa kwa seti tatu.

Tatu, haya mashindano 9 ni akiba, yatumike kwa akili. Mwaliko ukipatikana kwenye ATP 250, uchukue, na kiwango chako ukiweke kwa Grand Slam na Masters, mashindano makubwa ya ATP. Anayekichoma kiwango chote kwenye mashindano madogo anabaki mikono mitupu Mei, Roland Garros ikifika.

WTA, chama cha tenisi ya wanawake, ina utaratibu unaofanana, na tangu msimu wa 2019 anayejifungua ana hadi miaka mitatu ya kuanza kuutumia. Nauona ni bora kuliko wa wanaume katika jambo moja: mama anayerudi ambaye angestahili kuorodheshwa hakutanishwi na aliyeorodheshwa katika mechi yake ya kwanza.

Volli
Ahsante Mshika Kanuni. Basi tuseme wazi kwamba kadi ya mwaliko inahitajika zaidi na wale ambao ulinzi huo hauwafikii: waliotangaza kustaafu, na waliofungiwa. Na hawa wawili tusiwachanganye.

Maria Sharapova alifungiwa kwa meldonium, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikapunguza adhabu kutoka miaka miwili hadi miezi 15. Aprili 2017 akarudi hana nafasi yoyote, na Stuttgart ikampa mwaliko. WTA ina kikomo cha mialiko kwa mwaka, ila aliyewahi kutwaa Grand Slam habanwi nacho. Roland Garros wakamnyima mwaka huo huo, wakasema mwaliko ni wa anayerudi kutoka jeraha, si wa anayerudi kutoka adhabu ya dawa. US Open wakampa, na usiku wa kwanza akamtoa Simona Halep, aliyeorodheshwa wa 2.

Nipo na Wafaransa. Adhabu ikiisha ana haki ya kucheza, hilo halina ubishi, na mlango wa mchujo uko wazi kwa kila mwenye kiwango kinachotosha. Mwaliko ni zawadi. Huwezi kutoa zawadi kwa jambo ambalo jana yake ulilitolea adhabu.

Taibreki
Dada Volli, adhabu ni miezi 15, si miezi 15 na mwaka mwingine wa kutafuta pointi kwenye viwanja vidogo. Ukimzuia na mwaliko pia unaongeza kifungo ambacho mahakama haikukitoa.

Volli
Pointi zake zilifutika kwa sababu hakucheza, na hakucheza kwa sababu ya kosa. Anayepoteza nafasi yake kwa mimba au kwa goti hakufanya kosa lolote. Kama wote wanarudi kupitia mlango ule ule, wale wengine wamepata nini?

Namba 112
Nizungumzie ambaye hatajwi: aliye wa 105 hadi 120. Orodha ya Grand Slam inafungwa wiki sita kabla. Huyu amebaki nje kwa nafasi chache, anasubiri watu wajitoe. Akikosa, anaanza mchujo.

Tofauti yake kifedha ni hii. US Open 2024 aliyepoteza mechi ya kwanza ya droo kuu aliondoka na dola 100,000. Aliyepoteza mechi ya kwanza ya mchujo, dola 25,000. Huyu wa 112 anamlipa kocha, mtaalamu wa viungo, tiketi za ndege na hoteli kwa wiki 30 na zaidi, na Challenger hazirudishi gharama hizo. Hundi moja ya droo kuu ndiyo inayoamua kama mwaka ujao atasafiri na kocha au peke yake. Anayesafiri peke yake hana wa kumtazama mpinzani wake ajaye, hana wa kumpa mipira ya mazoezi saa moja kabla ya mechi. Kushuka kwake kunaanzia hapo.

ATP wameliona kiasi fulani: mwaka 2024 walianza kuhakikisha kipato cha chini cha dola 300,000 kwa walio ndani ya 100 bora, 200,000 kwa nafasi za 101 hadi 175, na 100,000 kwa 176 hadi 250. Ni hatua kubwa. Lakini haimpi pointi, na pointi ndizo anazozitafuta. Bingwa wa zamani ana mamilioni benki. Akapite mchujo.

Mleta mada
Nimewasoma wote. Napendekeza hivi: kila Grand Slam isizidishe kadi moja kwa mabingwa wa zamani upande wa wanaume na moja upande wa wanawake. Atakayeipata awe amecheza angalau mashindano matatu ndani ya wiki 12 kabla. Aliyetoka kufungiwa kwa dawa asipewe ndani ya miezi 12 ya kurudi kwake.

Taibreki
Kim Clijsters. Alistaafu 2007, akajifungua 2008, akarudi Agosti 2009 bila nafasi yoyote duniani. Alicheza Cincinnati, akacheza Toronto, zote kwa mwaliko. Shindano lake la tatu lilikuwa US Open, kwa mwaliko vile vile, na akalitwaa. Kwa kanuni yako ya mashindano matatu asingeingia.

Mstari wa Nyuma
Hesabuni mechi basi, msihesabu mashindano. Kwenye hayo mawili Clijsters aliwafunga Bartoli, Kuznetsova na Azarenka. Anayepoteza raundi ya kwanza mara tatu amecheza mechi tatu tu, na mwili wake hautuambii chochote. Wekeni mechi sita ndani ya wiki 12, ngazi yoyote kuanzia Challenger kwenda juu. Clijsters anapita, na anayekuja kupunga mkono tu anabaki nje.

Namba 112
Mechi sita naziunga mkono, kwa sharti kwamba akikosa kuzifikisha, kadi yake iende kwa wa kwanza aliyebaki nje ya orodha ya viwango, isirudi mfukoni mwa mwandaaji.