Naomba ushauri: tengo la demani linachimba maji ngalawa ikishika kasi

Wakuu, ngalawa ni ya mwembe, futi 20, inaandaliwa kukimbia Mikindani hadi Lindi kwa kusi. Upepo ukikaza, ubao wa tengo (mhimili wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke) la demani, yaani upande upepo unakoelekea, unachimba maji kwa ncha ya mbele, chombo kinavutwa upande huo na usukani haushiki. Trimarani (chombo cha matanga chenye viunzi vitatu) kama IDEC Sport, iliyozunguka dunia kwa siku 40 na saa 23 mwaka 2017, pembeni ina viunzi vinavyoelea vyenyewe; ubao wetu unategemea pembe tu ili upande juu ya maji. Nifikirie kuinua ncha vidole viwili, au nimrudishe mtu mmoja nyuma kwanza? Fundo za matengo nazo zinalegea: nailoni ikilowa inavutika. Usumba (kamba ya nyuzi za nazi) utahimili?