Je, upasuaji wa sikio la kati huondoa mlio masikioni?

Mama Tabata
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ngoma ya sikio langu la kulia ina tundu tangu utotoni, na kwa miaka miwili sasa sikio hilo linalia kama nyenje. Mchana, katika kelele za daladala, siusikii mlio huo, lakini usiku umeme ukikatika na feni ikanyamaza, unajaa chumba kizima. Daktari amenishauri tundu lizibwe kwa upasuaji. Naomba waliopitia wanieleze: mlio utakoma, au utazidi?

Fundi Cherehani, Temeke
Pole sana, dada. Mimi nilizibwa ngoma ya sikio la kushoto kwa utando uliotolewa juu ya sikio hilohilo. Wiki za mwanzo, sikio likiwa bado limejazwa pamba ya dawa, mlio ulipanda hadi nikajuta, kwani sauti za nje zilizibwa nikabaki na ile ya ndani peke yake. Pamba ilipotolewa nilisikia mkasi ukikata kitambaa, sauti niliyokuwa nimeisahau kabisa. Mlio haujaisha, ila siku hizi hunibidi niutafute ndipo niusikie.

Mpima Usikivu
Dada, yote yanategemea mlio unakotoka. Sauti zisipopita vizuri kwenye ngoma au kwenye vile vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, ubongo hukosa sauti za nje na mlio hujitokeza, na kuirekebisha njia hiyo mara nyingi huupunguza. Ndivyo ilivyo pia kwa wengi wanaobadilishiwa kikuku kilichoganda, upasuaji ambao John Shea aliufanya kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1956. Lakini kama sikio la ndani limeshaumia, kuziba ngoma hakulifikii, na kuna wachache ambao mlio huwazidi. Kwa hiyo upasuaji huu ukubali kwa ajili ya kukausha sikio na kusikia vizuri. Mlio ukipungua, hiyo ni nyongeza. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye kipimo chako mistari miwili, wa sauti ipitayo hewani na wa ipitayo kwenye mfupa: pengo kubwa kati yake, huku ule wa mfupa ukiwa mzuri, ndilo linalotia matumaini. Nakusihi pia usitie mafuta ya moto wala maji ya kitunguu saumu, maana kwenye ngoma iliyotoboka hupenya moja kwa moja hadi ndani.

Mama Tabata
Ahsanteni sana. Nimekitoa kipimo kwenye bahasha sasa hivi, na mistari hiyo imeachana kwa mbali. Jumatatu nakwenda nacho kwa daktari.